Maelezo ya Nyumba, kwa Bi Magriti

Nimekuandikia kwa herufi kubwa
kwa kuwa ulisema Kiswahili chako bado kinatambaa.
Soma taratibu. Nyumba nayo isome hivyo hivyo.

Anza na birika. Wale samaki wadogo si uchafu,
usimwambie mtu awachote na chujio kama mwezi jana.
Wao hula viluwiluwi vya mbu. Ndio watumishi wa kwanza hapa,
hawadai mshahara, hawaombi ruhusa ya Idi.
Maji ya kisima yakionja chumvi, usilaumu sabuni:
ni mwezi mpevu, bahari imepita chini kwa chini.
Ya kunywa nunua kwa Famau, madumu manne kwa punda mmoja.
Atakutajia bei ya mgeni. Muulize kwanza hali ya mamake,
kisha mwache ataje tena.

Ukuta ni matumbawe na chokaa. Unapumua.
Ile rangi ya mafuta uliyoileta kwa ndege
itauziba pua, na masika utauona ukitoka majipu.
Mwite Fundi Obo. Atasema Jumatatu, atakuja Jumatano.
Ukimfokea, atakuja Jumatano nyingine.

Na usiniulize tena kwa nini vyumba ni vyembamba.
Boriti ni mikoko; mti ulipoishia, chumba nacho kikaishia.
Hakuna aliyepima hapa kwa matamanio.

Mlango wa mbele usiukomee mchana kutwa.
Mlango uliofungwa mchana, mtaa mzima wa Mkomani
huulizana nani kafiwa.
Keti dakani, hata kama huna la kusema.
Wapitao wataamkia, nawe itikia.
Sahani ikija na mahamri isirudi tupu:
sukari kidogo, hata ndimu mbili.
Haya hayamo katika mkataba wako wenye mihuri,
na ndiyo kodi yenyewe.

Sasa kile chumba cha ndani kabisa, kisicho dirisha,
unakotaka kuweka jokofu na mashine ya kufulia.

Nakuomba usiweke.

Ule mfereji mdogo sakafuni, uliofurahi kuuona,
haukuchimbwa kwa ajili ya nguo.
Humo wanawake wa nyumba hii walijifungulia,
na humo waliokufa walioshwa, maji yakapita hapo hapo.
Mimi nilizaliwa humo. Mamangu nilimwosha humo.
Alikuwa akituambia tukichezea kata, "Mai ni amana,"
na siku ile nilimmiminia kidogo kidogo, nisimuudhi.

Sikukuambia siku ya kwanza.
Uliniuliza kama najua kupika bila pilipili,
nikajibu hilo uliloniuliza.

Usije ukadhani nakudai. Kaka zangu waliuza kwa haki,
mbele ya kadhi, na fungu langu nikalipokea mkononi:
cherehani moja, na mabati ya chumba changu huko nyuma,
mtaa wa Kashmiri. Ndiyo, ndilo jina lake.
Wewe umetoka mbali ukaja kwetu,
mimi nimehama kwa miguu, robo saa, hadi Kashmiri.
Usiku wa kwanza sikujua swichi ya taa iko upande gani.
Kwa hiyo najua unavyopapasa.

Mgeni, husemwa, siku ya tatu mpe jembe.
Wewe una miezi mitatu na mji huu wa mawe hauna shamba.
Nakupa ufunguo wa ghala, ule uliodhani umepotea.
Ulikuwa kwangu, ndani ya kopo la hiliki. Nisamehe.

Mlango wake hukwama. Usiupige teke kama ulivyompiga yule wa jikoni.
Geuza ufunguo, uinue mlango kwa bega, usukume polepole.
Kwenye mhimili wa kulia utaona mikwaruzo ya makaa, minne,
wa juu unafika kifuani pako.
Ukipaka rangi, ruka hapo.

Jumatatu nitakuja saa moja.
Nitapiga hodi.

Barke